Nakala ya Tatu

Dada yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo, zikukute mzima wewe, shemeji na wapwa zangu. Mguu wa Mama unaendeleaje? Na Mzee je, bado hakubali kula mpaka umlishe wewe, au sasa ameanza kumsikiliza na shemeji? Mimi huku mwili haujambo. Chumba ni kilekile, na mwenye nyumba bado anaamini kwamba mtu anayefanya kazi maabara lazima ajue kwa nini mbwa wake anakohoa. Nimemweleza mara nyingi kwamba mimi nasoma vinasaba tu, sitibu. Ananiitikia vizuri, halafu kesho yake ananiletea mbwa.

Barua yako nimekaa nayo muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Umepiga simu, nikakujibu habari za mvua. Unajua simu ya hapo nyumbani huwekwa sauti ya juu kwa ajili ya masikio ya Mama, na mambo haya si ya kutangaziwa sebule nzima. Lakini hicho ni kisingizio, na wewe ndiye uliyenilea mgongoni, huwezi kukosa kukijua. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Uliniandikia kwamba ukiwa darasani kwako, yaani ndani ya gari, ulimwambia mwanafunzi akate kulia huku mkono wako unaonyesha kushoto. Mwanafunzi akacheka, nawe ukacheka, lakini uliporudi nyumbani ulijifungia chumbani ukaniandikia. Ukaniuliza swali moja: alicho nacho Mzee, kimo ndani yetu? Ukaniambia nisikuzungushe. Nitakujibu, Dada. Nivumilie tu nianze mbali kidogo, maana nikianza na jibu hutaelewa nimelifikiaje, na safari hii nataka unielewe kabla ya kunigombeza.

Kazi yetu huku ni kutafuta viumbe vilibadilikaje kizazi baada ya kizazi. Jeni nyingi, yaani vipande vya vinasaba vyenye maagizo ya mwili, kila mtu anazo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Lakini zipo ambazo idadi yake haitulii. Ile ya mate inayovunjavunja wanga mdomoni, kwa mfano, mtu mmoja anazo chache na jirani yake anazo nyingi. Mbwa wa nyumbani nao wana nyingi za aina hiyo kuliko mbwa mwitu, kwa kuwa wamekaa na watu na kula mabaki yao miaka na miaka. Mkuu wetu wa maabara hupenda kusema kwamba nakala ya ziada ni mfanyakazi asiyepangiwa zamu. Mwenzake anaendelea na kazi ya zamani, na yeye huyo asiye na zamu anaweza kujifunza kazi mpya, au akakaa bure mpaka akaharibika, au akaharibu. Mkuu huyu tunamwita Mama Kipimo, kwa sababu haamini kitu mpaka kipimwe tena mbele ya macho yake. Hata chai akiambiwa ina sukari lazima aonje.

Sasa, ili kujua mtu ana nakala ngapi, mashine huvikata vinasaba vyake vipande vidogo vidogo, halafu kompyuta inavipanga juu ya jenomu rejea, yaani ule mfano mmoja ambao kila mtu hulinganishwa nao. Mahali vipande vinaporundikana kuliko kawaida, tunasema hapo pana nakala za ziada. Taabu ni kwamba mfano huo wa zamani ulitengenezwa kwa watu wachache, na wengi wao si wa kwetu. Ndiyo maana mwaka jana tukaanza kutengeneza mifano mipya kutokana na watu wetu wenyewe, tukahitaji familia, baba, mama na mtoto, ili tujue kila kipande mtoto amekitoa upande gani. Nikajitolea mimi na wazee wetu.

Siku ya kutoa damu unaikumbuka. Mama alitia saini kwa niaba ya Mzee baada ya kusomewa kila mstari. Muuguzi alipomfunga Mzee mpira mkononi na kuutafuta mshipa, Mzee akamtazama kama alivyokuwa akimtazama fundi mwanafunzi, akamwambia, “Fungua polepole, binti. Asubuhi presha huwa kubwa.” Tulicheka sote, na yeye akacheka kwa kuwa sisi tulicheka. Miaka yote ile alikuwa fundi bomba anayeitwa mtaa mzima. Na wewe ndiye uliyemkuta jikoni siku ugonjwa ulipoanza kuonekana, maji yakiwa yamefika kwenye vifundo vya miguu, amelifungua bomba lake mwenyewe na ameshindwa kulirudisha, vipande amevificha mfukoni kama mtoto aliyevunja sahani. Hata sitini alikuwa hajafika.

Wewe hukuhitajika siku ya kutoa damu. Ulikuja kama dereva. Lakini ukapandisha mkono wa gauni, ukamwambia muuguzi kwamba hukuendesha gari njia yote ile kuja kuangalia wenzako wakichomwa. Ukatia saini yako, damu yako ikatolewa, ikawekwa kwenye friji la baridi kali kama akiba. Nilicheka pia. Leo nakijutia kicheko kile.

Miezi ikapita. Siku moja mchana, kijana wetu wa kompyuta, tunayemwita Rubani kwa ajili ya hedifoni zake kubwa na skrini zilizomzunguka, alitaka sampuli ya kujaribia programu yake. Nikampa yangu, kwa kuwa kwangu hakuna wa kumwomba ruhusa. Tukakaa tunatazama mistari ikipita kwenye skrini, yeye akitikisa kichwa kwa muziki wake. Ukafika ukurasa mmoja, mstari ukapanda, ukakaa juu, ukashuka. Rubani akapitiliza. Nikamgusa bega arudi nyuma. Akaniuliza kuna nini, nikamwambia nilidhani nimeona kosa.

Halikuwa kosa la kwake. Jeni iliyokuwa chini ya mlima ule naijua, Dada. Kila anayefanya kazi hii anaijua. Inatengeneza kitu kinachotumika kwenye ubongo. Nakala mbili ni sawa. Zikiwa tatu, na zote zinafanya kazi, kitu kile kinakuwa kingi mno, taka yake inajaa taratibu kichwani, na mtu anaanza kusahau angali na nguvu zake. Anayezaliwa nazo tatu haukwepi ugonjwa huo kwa bahati. Huchelewa au huwahi kumpata, basi. Na mstari wangu ulionyesha tatu.

Nilisubiri Rubani aende kula, nikafungua sampuli ya Mzee. Mlima uleule, mahali palepale. Nikafunga kompyuta. Ya Mama sikuifungua. Niliona nimeshapata nilichokuwa nakitafuta, na nilichokipata kilinitosha.

Tangu siku hiyo nikawa mlinzi wa kichwa changu mwenyewe. Jina la askari wa getini lilinipotea asubuhi moja, askari ninayemsalimu kila siku, nikasimama pale natabasamu kama mwendawazimu mpaka akaniuliza kama nimeugua. Funguo nikazikuta ndani ya kiatu. Nikasimama mbele ya mlango wa choo cha kazini nikijiuliza naingia au ndiyo natoka. Njiani nilikuwa nikitaja kimoyomoyo wote tuliosoma nao darasa la kwanza, kwa mpangilio wa madawati, na nikimkosa mmoja naanza upya. Nilipokuwa nikinyoa nilimwona Mzee kwenye kioo, Dada, si kwa sura, kwa namna ya kutazama. Yule binti mpima macho niliyekuandikia kwamba nataka kumleta nyumbani, nikaanza kumkwepa. Nilimwambia kazi zimenizidi. Ningemwambiaje kwamba huenda siku moja nitamwuliza yeye ni nani na ameingiaje ndani kwangu?

Mama Kipimo ndiye aliyenishika. Aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akasema kwamba nimeharibu kazi iliyo rahisi kuliko zote na kwamba nimekonda. Nilitaka kumdanganya, badala yake nikalia. Nikamwonyesha mstari wangu, kisha wa Mzee. Akavaa miwani, akailinganisha mistari yote miwili. Halafu akauliza, “Na wa mama yako?”

Nikamwambia sijautazama. Akanitazama kama wewe unavyomtazama mwanafunzi aliyeondoa gari bila kuangalia kioo. Akaufungua mwenyewe. Mlima ulikuwepo, Dada. Kwa Mama pia. Mama yetu, anayekumbuka nani alizaliwa mvua ikinyesha na nani alivaa nini kwenye harusi ya nani, na ambaye mpaka leo ananitajia sahani niliyoipasua kabla sijaanza shule.

Mama Kipimo akasema kwamba mlima usiomdhuru bibi wa umri ule huenda hauko pale tunapouona. Akanieleza jambo ambalo nilipaswa kulikumbuka mwenyewe kama hofu isingenifunga macho. Kama watu wetu wana kipande mahali pengine kinachofanana na jeni hii, na mfano ule wa zamani hauna kipande hicho, kompyuta haina pa kukiweka. Inakisukuma kwenye kile kinachofanana nacho zaidi. Basi tunahesabu tatu mahali ambapo pana mbili tu. Lakini akaniambia pia nisishangilie, kwa sababu hajapima. Tusubiri mifano yetu mipya ikamilike, ile inayosomwa kwa vipande virefu vinavyoonyesha kila kitu kimekaa wapi. Tukasubiri. Majuma yale sina maneno ya kuyaeleza. Nilikuwa nakula kwa sababu saa ya kula imefika.

Yakaja majibu. Rubani ndiye aliyeyafungua, sote tukiwa tumesimama nyuma yake. Kwa Mama na kwangu, nakala ya tatu imekaa mbali kabisa, kwenye kromosomu nyingine, yaani uzi mwingine wa vinasaba. Ni nakala mbovu, imekatikakatika, haifanyi kazi yoyote na haimsumbui mtu. Na si yetu peke yetu. Katika familia tulizozipima wengi wanayo, wazima kabisa. Imezeeka sana. Mama Kipimo anadhani ilijinakili kwa babu wa mababu ambao hata hawakujua kulima, na tangu hapo inapita kutoka mtu hadi mtu kama mgeni aliyesahauliwa kwenye kiti cha nyuma. Kwa kazi yetu ni jambo kubwa, maana ni alama ya njia ambayo watu wetu wamepitia, na ule mfano wa zamani usingetuonyesha kamwe. Wenzangu walipiga makofi. Mama Kipimo alinishika mkono akaniambia mimi ni mzima. Kutoka kwa Mzee nimerithi nakala moja nzuri, kutoka kwa Mama nyingine moja nzuri na ile kuukuu isiyo na neno. Sina ugonjwa ule, Dada. Sitaupata kwa njia hiyo.

Sasa inabidi nikuambie lililobaki, na hapa ndipo kalamu imekuwa ikikataa.

Mzee hana ile nakala kuukuu. Ya kwake ya tatu ni nzima, inafanya kazi, imekaa ubavuni mwa mwenzake kwenye kromosomu moja, kama vyumba viwili vya mlango mmoja. Ndiyo iliyomfanya awe alivyo. Kromosomu yake nyingine ina nakala moja tu, salama, na hiyo ndiyo aliyonipa mimi. Kila mtoto wake alipewa moja kati ya hizo mbili, bila kuchaguliwa wala kuchagua. Mimi nilipata salama. Kupata kwangu hakukuongezei wala hakukupunguzii wewe. Kwako bado ni nusu kwa nusu.

Hilo lilikuwa limeandikwa kwenye skrini ileile, mistari michache chini ya jibu langu. Nililiona. Nami nikafurahi, Dada. Hili ndilo ninalotaka ulisikie kwangu na si kwa mtu mwingine. Niliona la Mzee, nikalielewa, na bado nikafurahi, nikaaga kazini mapema nikaenda moja kwa moja kwa binti mpima macho. Nilimkuta anafunga duka lake la miwani. Nikamweleza yote, hofu yote ile na mwisho wake. Akanishika uso kwa mikono miwili. Tukaenda kula, tukapanga harusi, tukabishana kuhusu majina ya watoto, nikacheka mpaka watu wa meza ya pili wakageuka. Nilikuwa na njaa ya miezi. Katikati ya chakula akaniuliza, “Na dada yako amesemaje?”

Kijiko kikanitulia mkononi. Nilikuwa sijakufikiria. Mchana mzima ule, wewe hukuwamo kichwani mwangu. Niliyekuwa nikijipima kila saa kama nimesahau, nikamsahau mtu aliyenibeba mgongoni, na sina ugonjwa wa kuusingizia.

Kesho yake asubuhi nilifika kazini kabla ya wengine, nikafungua friji, nikaitoa chupa yako. Niliwaza hivi: nitaipima kimyakimya. Ukiwa salama nitakuandikia barua fupi yenye furaha. Usipokuwa salama sitasema kitu, nitaubeba mzigo huo mwenyewe. Niliona huo ndio upendo. Chupa ilikuwa inaanza kutoa jasho kwenye kiganja changu Mama Kipimo alipoingia. Hakupaza sauti. Alisema, “Hiyo si yako. Hata kama ni ya dada yako. Hasa kwa kuwa ni ya dada yako.”

Akaichukua, akairudisha, akanikalisha chini. Akanikumbusha kwamba ulitia saini kwa ajili ya utafiti wa mageuko ya viumbe, hukutia saini ili mdogo wako ajue mwisho wako kabla yako. Akaniuliza nitaishije nikikutazama usoni nikiwa najua na wewe hujui, au nikijua na wewe hutaki kujua. Kwa hiyo, Dada, swali uliloniuliza nalijibu hivi: kimo ndani ya Mzee, kwangu hakimo, na kwako sijui. Naapa sijui. Chupa yako iko palepale, haijasomwa, na hakuna atakayeisoma.

Kuhusu lile la kulia na kushoto, siwezi kukuambia kwamba ni uchovu, na siwezi kukuambia kwamba siyo. Ninachoweza kukuambia ni kwamba mimi nilisahau askari, nikapoteza funguo, nikapotea mlangoni pa choo, na sina kitu. Hofu peke yake inatosha kumvuruga mtu. Lakini pia sitakudanganya kwamba dawa ipo. Ya kuuondoa ugonjwa huu haipo bado.

Mama Kipimo amenipa jina la daktari wa magonjwa ya kurithi katika hospitali kuu. Huyu hapimi mtu siku ya kwanza. Anaongea naye kwanza, hata mara kadhaa, kuhusu kazi yake, watoto wake, na kama kweli anataka kujua. Ukitaka, watatoa damu mpya, na jibu utapewa wewe mkononi. Usipotaka, ni haki yako, na wapo wengi wanaochagua hivyo na kuishi. Wapwa zangu wasiguswe na jambo hili mpaka wawe watu wazima wa kujiamulia wenyewe. Shemeji mwambie wewe, kwa wakati wako. Kazi yako ya kufundisha udereva, usiiache kwa sababu ya barua hii. Ila kama moyo hautulii ukiwa na mwanafunzi barabarani, omba mapumziko mafupi, sema ni mgongo.

Najua barua hii imekutwisha kitu ambacho dakika chache zilizopita hukuwa nacho. Niliiandika nikaichana, nikaiandika tena. Mpima macho aliniambia nije kukueleza uso kwa uso. Lakini nakujua, Dada. Ningekuja, ungenipikia, ungeniuliza kama nalala vizuri, ungeanza kunifariji mimi, na ningerudi bila kusema. Bora usome peke yako, ukasirike unavyotaka, ulie bila kulazimika kunifuta machozi. Jumamosi nitapanda basi la kwanza nije. Nikifika, kama unataka kuzungumza tutazungumza. Kama hutaki, tutakaa na Mzee uani, nami sitauliza. Wala usidhani nakuja kukuchunguza. Ukinimwagia chai kwa bahati mbaya, nitajua ni kwa sababu umenikasirikia.

Na lolote litakalokuwa, kumbuka hili. Miaka yote hii mzigo wa Mzee umeubeba wewe huku mimi nikiwa mbali nahesabu nakala za watu. Sasa nimeambiwa kichwa changu kitabaki. Basi kiwe na kazi. Zamu za Mzee tutagawana kuanzia sasa, nimeshaomba kazi yangu ya kompyuta niifanyie huko nyumbani, na Mama Kipimo amekubali. Na ikija siku ya kukutunza wewe, mtu wa kukutunza yupo. Ni mimi. Sikuambii hivi kwa kutimiza wajibu. Nakuambia kwa sababu nimeogopa kwa ajili yangu mwenyewe, nikajua kuogopa peke yako kunafananaje.

Nisalimie shemeji na wanao. Mama mpe salamu nyingi, barua usimsomee. Mzee mpe mkono kwa niaba yangu. Akiuliza salamu zinatoka kwa nani, usihangaike kumkumbusha. Mwambie ni kijana mmoja anayempenda, anakuja Jumamosi.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba